Saa ya fundi wa kompyuta nayo ipimwe, isiwe lumbesa

MKULIMA wa maharage wa Heru Juu au Makere anaifahamu vizuri lumbesa. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kilemba juu, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umepiga vita ujazo huo kwa miaka mingi, kwa sababu anayeuza kwa kipimo kisichojulikana huwa anauza asichokijua.

Hivi sasa katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kuna bidhaa mpya inayouzwa kwa lumbesa bila watu wengi kutambua. Bidhaa hiyo ni saa ya fundi wa kompyuta, hasa fundi anayetengeneza akiwa mbali kwa njia ya mtandao. Mteja hajui analipia nini, fundi hajui anauza nini, na wote wawili huishia kulaumiana.

Jambo hili linaweza kuonekana la watu wa mjini. Lakini ukweli ni kwamba kompyuta imekwisha kuingia katika maisha ya mkulima na mfanyabiashara mdogo, awe ameinunua au hajainunua. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010. Mwaka 2017 vituo vya afya na shule zilianza kuletewa mfumo wa kompyuta wa kutunza hesabu zao. Mbolea ya ruzuku iliyoanza kutolewa msimu wa 2022/2023 ilitaka mkulima aandikishwe kwenye mfumo ndipo apate namba ya kununulia. Mwaka 2023 mfumo mpya wa ununuzi wa umma, NeST, ulianza kazi, na mzabuni mdogo anayetaka kuiuzia shule viti au zahanati magodoro hana njia nyingine ya kupita.

Vyama vya msingi vya kahawa vya Manyovu, vyama vya tumbaku, SACCOS za walimu, maduka ya pembejeo, maduka ya dawa, wanunuzi wa maharage na tangawizi, wenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi, wote hao hivi sasa wana kompyuta mezani. Umeme nao umebadilika. Kwa miaka mingi miji hii iliendeshwa kwa jenereta za dizeli, hadi umeme wa gridi ya taifa ulipoanza kuingia mkoani Kigoma mwaka 2022.

Kompyuta ikigoma siku ya malipo ya wakulima, wanaokaa juani wakisubiri ni wakulima. Kwa hiyo bei ya fundi ni jambo lao pia.

Kutengeneza bila kufika

Huduma yenyewe si ya ajabu. Zipo programu, kama vile TeamViewer iliyoanza mwaka 2005 nchini Ujerumani na AnyDesk iliyofuata mwaka 2014, zinazomwezesha fundi aliye Kasulu mjini kuiona na kuiendesha kompyuta iliyoko Mabamba. Mteja anafungua programu, anamsomea fundi namba kwa simu, anakubali, kisha anakaa pembeni akiangalia mshale unavyotembea kwenye kioo.

Kwa njia hiyo fundi anaweza kuondoa virusi, kuweka programu ya hesabu, kurekebisha printa iliyokataa kuchapa, kutafuta jalada lililopotea, au kumwelekeza karani namna ya kujaza fomu ya serikali. Hawezi kubadilisha betri, kuondoa vumbi au kufufua kompyuta iliyoungua kwa umeme. Ikiwa mashine haiwaki au haina mtandao kabisa, safari iko pale pale.

Kwa nyanda za juu za Kigoma, hilo si jambo dogo. Kutoka Kibondo hadi Kasulu ni zaidi ya kilometa 100. Ujenzi wa lami katika barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa kilometa 260 hivi, umepunguza saa za safari, lakini haujafuta nauli, na anayetoka kijijini lazima kwanza afike barabarani. Mtu anayebeba kompyuta kwenye bodaboda wakati wa masika anaweza kuondoka na tatizo moja akarudi na mawili.

Tatizo linaanzia kwenye malipo. Fundi aliyefika ofisini huonekana: ametoka jasho, amefungua mashine, amepuliza vumbi. Aliye mbali haonekani. Mteja anaona mshale umecheza dakika ishirini na kompyuta imepona, ndipo anasema, "Kaka, hapo nitakurushia ya soda." Fundi naye, kwa kuona aibu au kwa kuogopa kumpoteza mteja, anakubali. Mwezi unakwisha akiwa amefanya kazi kila siku na hana pango la chumba.

Wengine wamekwenda upande wa pili. Wanamwangalia mteja usoni. Akiwa mwenye duka la kanga, sh. 5,000, likiwa shirika linalohudumia wakimbizi wa Nyarugusu au Nduta, sh. 100,000 kwa kazi ile ile. Bei ya namna hiyo haina mizizi. Siku shirika likifunga ofisi, kama ilivyotokea mara kadhaa katika historia ya kambi za Kigoma, ikiwamo Mtabila iliyofungwa mwaka 2012, fundi anabaki na bei ambayo hakuna anayeiweza.

Saa ya sheria na saa ya fundi

Kuuza saa si jambo geni nchini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Amri za mishahara ya kima cha chini hutaja malipo ya mwezi na pia ya saa. Amri ya mwaka 2013, kwa mfano, iliweka sh. 100,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kilimo, sawa na sh. 512.85 kwa saa. Viwango hivyo vimekwisha kupandishwa tangu wakati huo, lakini hesabu yake inafundisha: mwezi mmoja wa kazi ulichukuliwa kuwa na saa 195.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kijana anajiuliza angetaka kupata kiasi gani kwa mwezi, anagawanya kwa saa 195, na anadhani amepata bei. Iwapo anataka sh. 400,000, hesabu inampa sh. 2,051, naye anatangaza sh. 2,000 kwa saa akijiona mwungwana.

Amesahau mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwajiriwa hulipwa saa zote anazokaa kazini, hata anaposubiri. Fundi wa kujitegemea hulipwa saa anazoshika kazi ya mteja tu. Saa za kutafuta wateja, kupiga simu, kujifunza programu mpya, kusubiri mtandao urudi na kufuatilia madeni hakuna anayezilipa. La pili, mwajiriwa hanunui kiti, umeme wala bando. Fundi hununua vyote.

Ichukuliwe hesabu ya mfano, ambayo kila fundi anaweza kubadilisha tarakimu zake kulingana na hali yake. Bando la mwezi sh. 50,000. Pango la chumba sh. 40,000. Umeme sh. 15,000. Vocha za kupiga simu sh. 20,000. Leseni, kodi na ada nyingine, kwa wastani wa mwezi, sh. 30,000. Akiba ya matengenezo sh. 20,000. Kompyuta aliyoinunua kwa sh. 900,000 na anayotarajia idumu miaka mitatu inakula sh. 25,000 kila mwezi, hata kama hatoi fedha hiyo leo. Jumla ni sh. 200,000.

Akitaka kubaki na sh. 400,000 za kulisha familia, lazima kazi imwingizie sh. 600,000. Sasa aulizwe: kati ya saa 195, ni ngapi kweli atazilipwa? Fundi mwenye wateja wa wastani akipata saa 60 amejitahidi. Gawanya sh. 600,000 kwa 60, bei ya saa inakuwa sh. 10,000. Akipata saa 100, itatosha sh. 6,000. Akipata saa 40 tu, itabidi iwe sh. 15,000.

Yule mwungwana wa sh. 2,000, kwa saa 60, ataingiza sh. 120,000. Fedha hiyo haifikii hata gharama zake za sh. 200,000. Kila anapomhudumia mteja anakula mtaji, kama mkulima anayeuza gunia kwa bei iliyo chini ya gharama ya mbegu, mbolea na palizi huku akishangilia kwamba mzigo umetoka haraka. Mwisho wake unajulikana: anafunga chumba, anakwenda Mwanza au Dar es Salaam kutafuta ajira, na chama cha msingi kilichomzoea kinabaki bila fundi. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Hapa aliyenunua rahisi ndiye anayelala na njaa msimu unaofuata.

Dari ya mteja

Hata hivyo, gharama za fundi peke yake haziwezi kuwa bei. Mteja hanunui matatizo ya fundi. Naye ana hesabu yake, na fundi mwenye busara huifanya kabla ya kutaja chochote.

Kwa mfano, mwenye duka la pembejeo aliye kijijini, mbali na mji wa Kibondo, ana njia mbili. Akisafiri na kompyuta, tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni sh. 20,000, chakula sh. 5,000, na faida anayoikosa kwa kufunga duka siku nzima ni sh. 15,000. Ametumia sh. 40,000 kabla fundi hajaigusa mashine. Akihudumiwa kwa mtandao kwa saa moja na nusu, atalipa sh. 15,000 kwa bei ya sh. 10,000 kwa saa, na bando lake mwenyewe la sh. 2,000. Jumla ni sh. 17,000. Ameokoa sh. 23,000 na duka limebaki wazi.

Kwa mteja huyo, sh. 10,000 kwa saa ni nafuu kubwa. Kwa mteja mwenye kibanda karibu na soko la Kasulu, ambaye anaweza kutembea dakika kumi na kompyuta yake kwapani, hakuna nauli ya kuokoa. Huyo akiona bei ya saa imemshinda ataileta mashine mwenyewe na kuiacha hadi jioni, na fundi ataishughulikia katikati ya kazi nyingine. Ni haki alipe kidogo, kwa kuwa hakununua uharaka. Bei ya anayesubiri na bei ya asiyeweza kusubiri zinaweza kutofautiana bila mtu kudhulumiwa, mradi zote mbili zimebandikwa ukutani na kila mteja anachagua mwenyewe.

Kwa mantiki hiyo, sakafu ya bei ni gharama za fundi na dari yake ni kile ambacho mteja angekipoteza kwa kusafiri au kukaa bila huduma. Kati ya sakafu na dari ndipo pa kupatana. Ikiwa dari iko chini ya sakafu, kazi hiyo haifai kufanywa kwa mtandao, na fundi mkweli atamwambia mteja hivyo.

Wapo pia vijana wanaosikia kwamba mafundi wa Ulaya na Marekani hutoza makumi ya dola kwa saa moja, nao wakataka kuanzia hapo. Bei hiyo imejengwa juu ya pango, bima na mishahara ya huko. Haimhusu karani wa SACCOS ya Kitahana. Lakini wasipuuze maana yake: laini ya mtandao inayomwezesha fundi wa Kasulu kumhudumia mteja wa Dar es Salaam ndiyo hiyo hiyo inayomleta fundi wa Dar es Salaam mezani kwa mteja wa Kasulu. Pango la chumba Kasulu ni dogo kuliko la Kariakoo, na hilo ni jembe mkononi mwa kijana wa hapa. Jembe la pili ni kwamba anajua kahawa inapimwaje, daftari la mkulima linaandikwaje, na anaweza kumweleza mzee kwa Kiha kilichotokea kwenye mashine.

Mteja hajazoea kununua saa

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina uzito. Katika vijiji vya Kigoma watu hununua kazi. Kibarua analima kwa kipande, mashine ya kusaga hutoza kwa debe au kilo, fundi cherehani hutoza kwa gauni. Hakuna mwanamke anayemuuliza mshonaji ametumia saa ngapi. Tena, bei ya saa inaweza kumpa zawadi mvivu. Fundi hodari akimaliza kwa nusu saa analipwa sh. 5,000, na mwanafunzi akihangaika saa mbili na tatizo lile lile analipwa sh. 20,000.

Hoja hiyo ni kweli, na ndiyo maana saa inapaswa kutumika kama mzani wa ndani kabla ya kuwa bei ya nje. Fundi anajua kwamba kuweka programu ya hesabu humchukua saa mbili kwa kawaida. Basi atangaze kazi hiyo kwa sh. 20,000. Akimaliza mapema, faida ni yake. Akichelewa, hasara ni yake. Mteja anajua atakacholipa kabla mshale haujaanza kucheza. Kazi zote zinazojirudia, kama vile printa, virusi, kuhamisha majalada au kuandikisha mteja kwenye mifumo ya serikali, zinaweza kuwekwa kwenye ubao namna hiyo.

Kinachobaki kuuzwa kwa saa ni kazi isiyojulikana mwisho wake: kompyuta inayozimika bila sababu, hesabu zisizolingana, programu inayokataa kufunguka. Hapo ndipo mzani wenyewe unapotakiwa uwe wazi, na masharti yake ni machache.

Kwanza, robo saa iwe kipimo cha chini. Wateja walikwisha kuona, mwishoni mwa miaka ya 2000, tofauti iliyoletwa na kampuni za simu zilipoanza kutoza kwa sekunde badala ya dakika nzima. Kwa bei ya sh. 10,000 kwa saa, robo ni sh. 2,500. Kazi ya dakika 20 ni robo mbili, sh. 5,000, na mteja halipii saa nzima kwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Pili, robo ya kwanza iwe ya uchunguzi. Fundi aangalie, aseme tatizo ni nini, litachukua muda gani na kama linawezekana kutatuliwa kwa mbali. Mteja alipe sh. 2,500 hizo hata kazi ikishindikana, kama anavyomlipa daktari kwa kumwona, na hapo awe huru kukataa kuendelea.

Tatu, pawepo na kikomo. Fundi akikadiria saa mbili, asivuke bila kupiga simu na kupata ruhusa.

Nne, mtandao ukikatika au umeme ukizimika, saa isimame. Si haki mteja alipie giza. Vile vile programu ya kusaka virusi ikiachwa ikijiendesha yenyewe kwa saa mbili, fundi ahesabu dakika alizoshika kazi kwa mikono yake. Muda huo anaweza kumhudumia mwingine, na akiwatoza wote wawili atakuwa amejaza lumbesa.

Tano, mwanzo na mwisho wa kazi viandikwe, na mteja atumiwe kwa ujumbe wa simu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa masharti hayo fundi hodari hana sababu ya kuogopa. Anayemaliza kwa nusu saa anaweza kutoza sh. 15,000 kwa saa, mteja akalipa sh. 7,500, na bado akawa amemshinda kwa unafuu yule wa saa mbili.

Mkataba wa msimu

Jambo jingine ni majira. Fedha ya mkulima haitoki kila mwezi, na ofisi inayomhudumia hufuata mwendo huo huo. Chama cha msingi cha kahawa kinaweza kumaliza miezi mitatu bila kumwita fundi, kisha wakati wa makusanyo na malipo kikamwita kila wiki. Kwa malipo ya papo kwa papo, fundi hufa njaa wakati wa kiangazi cha kazi, na chama hukosa fundi wakati wa mavuno kwa sababu kila mtu anamtaka siku hiyo hiyo.

Dawa yake ni mkataba wa mwaka. Chama kinanunua saa 48, sawa na saa 4 kwa mwezi, kwa bei ya sh. 9,000 kwa saa badala ya 10,000. Kwa mwezi hiyo ni sh. 36,000. Kinazitumia saa hizo kinapozihitaji, moja mwezi huu na kumi wakati wa malipo, na kinalipa nusu mwanzoni na nusu baada ya mauzo. Fundi mwenye vyama vitano vya namna hiyo ana uhakika wa sh. 180,000 kwa mwezi kwa wastani, karibu gharama zake zote za ofisi. Punguzo la sh. 1,000 amelipata kwa kulala usingizi.

Lakini mkataba huo hauji wenyewe. Lazima uingie kwenye makisio ya mapato na matumizi yanayopitishwa na mkutano mkuu wa wanachama. Wanachama wengi huona matengenezo ya kompyuta kama anasa ya katibu. Waulize swali moja tu: daftari la uzito wa kahawa ya kila mkulima likipotea siku moja kabla ya malipo, litagharimu kiasi gani kulirudisha? Chama kinachokataa kutenga fedha ya fundi kimeamua kuweka rehani jasho la wanachama wake kwa mashine moja.

Bodi na makatibu wakumbuke pia kwamba taasisi inayomlipa mkazi kwa huduma za kitaalamu hutakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Katika sh. 36,000 hiyo ni sh. 1,800, na fundi apewe hati yake, kwani ni kodi aliyokwisha kuilipa. Fundi asiyelijua hilo hudhani amepunjwa na ugomvi huanza. Kuhusu madeni, kukopa harusi, kulipa matanga. Anayeuza saa kwa mkopo bila maandishi asilalamike.

Anayeingia na anayemfungulia

Bei nzuri hununua pia uaminifu. Fundi anayeiona kompyuta ya SACCOS anaona akiba na madeni ya majirani zake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini kuwa kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo ruhusa iwe ya kazi moja kwa siku moja, mteja akae mbele ya kioo hadi mwisho, na namba ya siri ibadilishwe kazi ikiisha.

Matapeli nao wameijua njia hii. Watanzania walikwisha kuuzoea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Njia mpya ni mtu asiyejulikana kupiga simu, kujifanya mfanyakazi wa benki au kampuni ya simu, na kumwomba mtu aweke programu ya kuendeshwa kwa mbali ili amsaidie bure. Mfanyabiashara akumbuke kwamba fundi wa kweli huitwa, hajipeleki, na ana bei. Huduma ya bure ya mtu asiyemjua inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Wapatane mzani

Yapo mawazo kwamba mafundi wa Kasulu na Kibondo wakutane wapange bei moja. Nia inaweza kuwa njema, lakini njia hiyo ni mbaya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na hata bila sheria hiyo, bei moja humwonea mteja wa kijijini na kumlinda fundi asiyejua kazi.

Wanachoweza kukubaliana ni mzani. Robo saa iwe robo saa kwa kila fundi. Uchunguzi ulipwe, kikomo kiheshimiwe, saa isimame mtandao ukikatika, mwanzo na mwisho viandikwe. Baada ya hapo kila mmoja abandike bei yake, awe wa sh. 6,000 au 15,000, na mteja achague kama anavyochagua sokoni kati ya wauza maharage wawili wenye kilo ile ile.

Halmashauri nazo zina nafasi yake. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 ni ya vijana, huenda kwenye vikundi. Kikundi cha mafundi kikifika kuomba, ofisa maendeleo ya jamii akiulize hesabu ya saa kabla ya kukiuliza kinataka kompyuta ngapi. Kikundi kisichojua gharama ya saa yake moja hakitaweza kurejesha mkopo, hata kikipewa mashine mpya kumi.

Kwa upande wa wakulima na wafanyabiashara, jukumu lao ni moja: waache kununua kwa "ya soda". Wauliize bei kabla, wadai maandishi baada, na walipe kilichopatanwa. Anayekataa gunia lake lisijazwe kilemba hana haki ya kujaza kilemba kwenye saa ya mwenzake.